Draiva Ndiyo Inayoamua Umri wa Kompyuta

Mtu yeyote aliyetumia Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, kwenye kompyuta ya mezani au mpakato kwa zaidi ya mwaka mmoja anaijua asubuhi ile. Jana jioni alikubali masasisho, mashine ikamaliza kazi yake bila kulalamika, na leo anapoiwasha anaiona nembo ya mtengenezaji, kisha skrini inakuwa nyeusi na kubaki hivyo. Feni inazunguka, taa ya diski inapepesa, na akibonyeza kitufe cha herufi kubwa taa yake inawaka na kuzimika, ishara kwamba mfumo wenyewe u hai. Kilichokatika ni njia ya kutoka ndani ya mfumo hadi machoni pake. Mimi yalinikuta mara ya kwanza siku niliyotakiwa kukabidhi ripoti, kwenye mpakato wa mtumba wenye kadi mbili za grafiki. Nilipoteza nusu siku nikisoma maelekezo kwenye simu huku bando likiisha, hadi nilipojifunza kuandika neno moja, nomodeset, kwenye mstari wa kuwashia mfumo, na picha ikarudi ikiwa nzito na ya kiwango cha chini.

Tangu siku hiyo nimewasaidia ndugu na majirani wengi kuweka Linux kwenye mashine zao, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mjadala wetu juu ya mfumo huu unaanzia mahali pasipo penyewe. Tunabishana kama LibreOffice inafungua vizuri nyaraka za Word, kama GIMP inaweza kushika nafasi ya Photoshop, kama mwonekano wa dawati wa GNOME ni rahisi kuliko wa KDE. Hayo ni maswali halali, na nitayagusa, lakini asiyeridhika na programu moja anaweza kupakua nyingine jioni hiyo hiyo. Draiva ya grafiki haibadilishwi hivyo. Mwenye msimbo wake ndiye anayeamua kompyuta itumike mpaka lini. Katika nchi zetu, ambako mashine nyingi hufika Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi baada ya kumaliza muhula wake katika ofisi za Ulaya, uamuzi huo una uzito kuliko ulio nao kwa mtu anayenunua kompyuta mpya kila baada ya miaka mitatu.

Kadi ya grafiki, iwe imejengwa ndani ya prosesa au imesimama peke yake, ni kama kompyuta ndani ya kompyuta: ina lugha yake na taratibu zake. Draiva ni mkalimani wake. Katika Linux kazi ya ukalimani imegawanyika sehemu mbili. Sehemu ya chini inaishi kwenye kiini cha mfumo, ambacho mafundi hukiita kerneli, na ndiyo inayowasha skrini, kugawa kumbukumbu na kupanga foleni ya kazi zinazokwenda kwenye kadi. Sehemu ya juu iko nje ya kerneli, na hutafsiri maagizo ya programu, yaliyoandikwa kwa taratibu za OpenGL au Vulkan, kuwa maagizo ambayo chipu husika inayaelewa. Kwa kadi za Intel na AMD sehemu hii ya juu hutoka katika mradi wa Mesa, ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993 na ambao hadi leo uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba kerneli ya Linux haina mkataba wa kudumu na draiva zilizo nje yake. Toleo jipya hutoka takriban kila baada ya wiki tisa au kumi, na waundaji wake wana uhuru wa kubadilisha viungo vya ndani wanavyoona inafaa, kwa sharti moja: anayebadilisha kiungo ndiye anayewajibika kurekebisha draiva zote zilizomo ndani ya kerneli zinazokitumia. Kwa utaratibu huo, draiva iliyomo ndani hubebwa mbele hata kama mwandishi wake wa kwanza ameshaacha kazi, kwa sababu kila anayebadilisha kiungo analazimika kuirekebisha. Draiva iliyo nje haina wa kuibeba. Kila kerneli mpya inapokuja ni lazima ijengwe upya kwenye mashine ya mtumiaji ili iendane nayo, na ujenzi huo ukishindwa, mara nyingi hushindwa kimya kimya, mtumiaji akiwa amekwisha kuzima mashine na kwenda kulala. Wakati mwingine ujenzi unafaulu lakini Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu wakati mashine inawaka, inaikataa draiva kwa kuwa haikutiwa saini kwa ufunguo ambao mashine inautambua. Matokeo kwa aliye mbele ya skrini ni yale yale, na ndiyo maelezo ya asubuhi nyeusi niliyoanza nayo.

Inafaa kukumbuka kwamba harakati nzima ya programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha msimbo wake, ilichochewa na kero ya namna hii hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, ambako kulikuwa na printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Printa ya zamani aliwahi kuiongezea msimbo wa kuwaarifu watumiaji pale ilipokwama. Hii mpya haikuwezekana, kwa sababu msimbo wake ulikuwa umefungwa, na mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa kuwa alikwisha kuahidi kutoutoa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi huria. Wanaosema kwamba uhuru wa msimbo ni suala la wanafalsafa wasio na kazi za kufanya husahau kwamba ulianzia kwenye karatasi iliyokwama na mtu aliyejua kuitatua shida hiyo lakini akazuiwa.

Kwa upande wa grafiki, historia iliyojaa mafunzo zaidi ni ya Nvidia. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilitoa draiva ya Linux iliyofungwa, ambayo kwa kadi mpya ilifanya kazi kwa kasi nzuri sana, na haikutoa nyaraka za kutosha kwa yeyote aliyetaka kuandika draiva nyingine. Kundi la watu waliojitolea likaanza mradi wa Nouveau, wakichunguza kadi kwa nje, wakitazama draiva iliyofungwa inatuma nini na kadi inajibu nini, na kutokana na uchunguzi huo wakaandika draiva yao. Kazi hiyo iliingizwa katika kerneli toleo la 2.6.33, mwaka 2010. Mwezi Juni mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliulizwa juu ya Nvidia, akasema kuwa ni kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, akaelekeza kidole chake cha kati kwenye kamera. Picha hiyo imezunguka dunia nzima, na kwa bahati mbaya imekumbukwa kuliko hoja yenyewe.

Hoja yenyewe ilizidi kuwa nzito baadaye. Kuanzia kadi za kizazi cha pili cha Maxwell, zilizotoka mwaka 2014 zikiwa na namba za GTX 900, Nvidia ilianza kudai kwamba fimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, iwe imetiwa saini na kampuni. Bila fimwea hiyo, waandishi wa Nouveau hawakuweza kuipandisha kadi kasi. Kadi ilibaki katika mwendo wa chini inaowashwa nao, kama gari lililofungiwa kwenye gia ya kwanza, na hakuna umahiri wa kuandika msimbo ungeweza kuvunja kufuli hilo. Mfululizo wa GTX 10, wa kizazi cha Pascal, uliotoka mwaka 2016, uliirithi hali hiyo hiyo.

Mwezi Mei mwaka 2022 Nvidia ilichapisha kwa leseni huria msimbo wa sehemu ya draiva yake inayoishi kwenye kerneli, na nilifurahi kama walivyofurahi wengine. Lakini ni lazima tusome kilichotolewa kwa makini. Msimbo huo unahusu kadi za kizazi cha Turing, za mwaka 2018, na zilizofuata, kwa sababu kadi hizo zina prosesa ndogo ndani yake ambayo imechukua kazi nyingi zilizokuwa za draiva, na fimwea ya prosesa hiyo bado imefungwa. Sehemu ya juu, inayoshughulikia OpenGL, Vulkan na CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu nzito kwenye kadi, nayo imebaki kufungwa. Hata hivyo hatua hiyo ilifungua mlango: ndani ya Mesa kumezaliwa draiva ya Vulkan iitwayo NVK, iliyoandikwa upya kwa ajili ya kadi hizo, na kwenye kerneli kunajengwa draiva mpya iitwayo Nova kwa lugha ya Rust. Anayenunua kadi mpya ya Nvidia leo yuko mahali pazuri kuliko aliyenunua miaka kumi iliyopita, na sitaki kulificha hilo.

Tatizo ni kwamba sisi hatununui kadi za leo. Tunanunua za miaka kumi iliyopita.

Tazama kalenda ya draiva zilizofungwa za Nvidia. Kadi za mfululizo wa GeForce 8 na ndugu zake ziliachwa kwenye tawi la 340 (tawi ni mfululizo wa matoleo ya draiva), ambalo utunzaji wake ulikoma mwishoni mwa mwaka 2019. Kadi za Fermi, zile za mfululizo wa 400 na 500, ziliachwa kwenye tawi la 390, likakoma mwishoni mwa mwaka 2022. Kadi za Kepler, za mfululizo wa 600 na nyingi za 700, zilibaki kwenye tawi la 470, ambalo utunzaji wake ulimalizika mwaka 2024. Na mwaka 2025 kampuni ikatangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kwa Maxwell, Pascal na Volta. Tawi likikoma, draiva haifutiki kwenye diski, ila haijengwi tena kuendana na kerneli mpya, na mtumiaji anabaki na njia panda: ama agande kwenye kerneli ya zamani isiyopata marekebisho ya usalama, ama ahamie Nouveau. Kwa mwenye Kepler kuhama huko kunavumilika, kwa sababu kadi hizo zilitoka kabla ya kufuli la saini na zinaweza kupandishwa kasi. Mwenye GTX 970 au GTX 1060 ndiye aliyeangukia kwenye ufa. Kadi yake ni ya zamani mno kuingia katika msimbo uliotolewa mwaka 2022, na ni mpya mno kunufaika na kazi ya uchunguzi iliyofanywa kabla ya mwaka 2014. Chuma chenyewe ni kizima. Kadi ya GTX 1060 ina nguvu ya kutosha kuhariri video za harusi kwa miaka mingine mingi, na vijana wanaofanya kazi hiyo wanazinunua kwa sababu bei yake sasa inafikika. Wanaponunua, hakuna anayewaambia kwamba tarehe ya kufa ya kadi hiyo kwenye Linux imekwisha kuandikwa na mtu mwingine.

Linganisha na njia iliyofuatwa na AMD. Nayo ilikuwa na draiva iliyofungwa, iliyojulikana kwa jina la fglrx, na wanaoikumbuka watakubaliana nami kwamba ilikuwa chanzo cha maumivu mengi. Baada ya kuinunua kampuni ya kadi za grafiki ya ATI mwaka 2006, AMD ilitangaza mwezi Septemba mwaka 2007 kwamba itachapisha nyaraka za chipu zake na kusaidia uandishi wa draiva huria. Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Kwa miaka kadhaa draiva huria ilikuwa ya polepole, na wenye haraka waliendelea na ile iliyofungwa. Lakini mwaka 2015 draiva mpya ya amdgpu iliingia kwenye kerneli 4.2, na mwaka uliofuata Ubuntu, mmoja wa mifumo inayosambaza Linux, ikaiacha fglrx kabisa. Mwaka huo huo wa 2016, Dave Airlie na Bas Nieuwenhuizen, ambao hawakuwa waajiriwa wa AMD, walianza kuandika draiva ya Vulkan kwa kadi za AMD, iitwayo RADV, kwa kuwa kampuni ilikuwa imechelewa kuitoa ya kwake. Draiva hiyo ya watu wa nje ndiyo iliyokuja kutumiwa na wengi, na ndiyo inayoendesha kifaa cha michezo cha Steam Deck kilichotoka mwaka 2022. Hapo ndipo ninapoona tofauti ya kweli: kampuni ilipochelewa, wateja wake hawakulazimika kusubiri.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Intel, na unatuhusu moja kwa moja. Mipakato mingi ya ofisini inayouzwa madukani kwetu, zile ThinkPad, Latitude na EliteBook za mwaka 2011 hadi 2013, inatumia grafiki zilizojengwa ndani ya prosesa za Intel, kama HD 3000 na HD 4000. Draiva yake ya zamani katika Mesa ilikuwa imejengwa kwa mtindo ambao mradi ulitaka kuuacha, na kwa Intel mashine hizo hazikuwa tena bidhaa za kuuza. Mwaka 2021 Dave Airlie huyo huyo aliandika draiva mpya iitwayo Crocus, kwa ajili ya chipu za Intel zilizoanza kutoka mwaka 2006 hadi zile za Haswell za mwaka 2013. Mwaka uliofuata, Mesa 22.0 ilipoondoa draiva za mtindo wa kale, mashine hizo zilikuwa tayari na mahali pa kuhamia. Fikiria maana yake: chipu ya miaka kumi na tano ilipata draiva mpya kabisa, kwa sababu nyaraka na msimbo vilikuwa wazi na mtu mmoja aliyeona umuhimu wake hakuhitaji kibali cha yeyote.

Ni haki kusema pia kwamba ulimwengu huria nao hustaafisha vifaa. Kadi za Radeon za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliondolewa katika Mesa wakati huo huo wa toleo la 22.0. Lakini msimbo wake ulihifadhiwa kwenye tawi liitwalo Amber, ambalo wasambazaji wa mifumo wanaweza kuendelea kulitoa sambamba na Mesa mpya, na ambalo mtu yeyote anaweza kulifufua. Vilevile fimwea za AMD na Intel zimefungwa kama za Nvidia, na mtu anayedai kwamba mashine yake ni huria mpaka kwenye chuma anajidanganya. Debian, iliyokuwa na msimamo mkali kuliko mifumo mingi mikubwa katika jambo hili, ilipiga kura mwaka 2022 na kukubali kuweka fimwea zisizo huria kwenye diski zake rasmi za usakinishaji, kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Mtu anayewasha diski ya Debian kwa mara ya kwanza na kukuta hana Wi-Fi wala picha safi hajifunzi lolote kuhusu uhuru. Anajifunza tu kuogopa Linux.

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu, nayo ni ya watu wa kazi nzito. Anayetengeneza picha za pande tatu kwa Blender, au anayefunza modeli za kompyuta, atakuambia kwamba CUDA ya Nvidia inafanya kazi siku ya kwanza, ilhali mbadala wa AMD unamtaka achague kadi kwa uangalifu na kusoma orodha ya zinazokubalika. Ni kweli. Blender yenyewe ni programu huria, ilikombolewa mwaka 2002 kwa mchango wa umma wa euro 100,000, na leo inatumika katika filamu zinazoshinda tuzo kubwa, lakini wengi wa wanaoitegemea kwa riziki wanaiendesha juu ya draiva iliyofungwa. Siwezi kumwambia mtu mwenye wateja wanaosubiri kwamba akubali kazi ya saa moja ichukue saa tatu. Ninachomwambia ni kwamba aihesabu kadi hiyo kama kifaa chenye tarehe ya mwisho, na bei anayolipa aigawanye kwa miaka iliyobaki.

Pia si kila kizuizi kinatoka kwa mtengenezaji wa kadi. Mwaka 2024 jumuiya inayomiliki viwango vya HDMI ilikataa kuiruhusu AMD kuweka HDMI 2.1 katika draiva yake huria, ingawa wahandisi wa AMD walikuwa wamekwisha kuiandaa. Mwenye televisheni ya 4K yenye mwendo wa mara 120 kwa sekunde na kadi inayoliweza hilo alikosa huduma aliyokwisha kuilipia, kwa sababu ya leseni ya waya. Ushauri wa mafundi tangu hapo umekuwa kutumia DisplayPort, aina nyingine ya tundu la skrini, kila inapowezekana, na nauunga mkono.

Kuhusu Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha kwenye skrini, nitakuwa mfupi, kwa kuwa vumbi limeanza kutulia. Mfumo wa X uliochora madirisha yetu ulianzia MIT mwaka 1984, na mrithi wake ulianzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Kwa watumiaji wa kadi za Intel na AMD uhamiaji ulikwenda taratibu, bila wengi kujua siku walipovuka. Watumiaji wa Nvidia walipata madirisha yanayopepesa na herufi zinazorudi nyuma zilipokuwa zinaandikwa, mpaka mwaka 2024 utaratibu mpya wa kulinganisha kazi za kadi na za mchoraji wa madirisha ulipokubaliwa na draiva ya 555 ikautekeleza. Kwa miaka yote hiyo lawama zilimwangukia Wayland, na mara nyingi aliyelaumu alikuwa ametazama skrini tu, asijue ni tabaka gani lililokosea.

Sasa nirudi kwenye programu za kila siku, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inapopata sura inayotugusa zaidi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya kutafsiri. Msimbo ulikuwa wazi, walichukua orodha ya maneno, wakakaa chini, wakabishana juu ya istilahi, wakafanya kazi. Nasikitika kwamba kazi ile haikupata uangalizi wa kudumu wa taasisi zetu kwa kiwango ilichostahili, na hilo ni kosa letu wenyewe, si la leseni. LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, bado inapokea tafsiri kutoka kwa yeyote.

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kuhusu LibreOffice ni kwamba nyaraka za Word zinavurugika: jedwali limeruka ukurasa, sahihi ya mkuu wa idara imebaki peke yake kwenye karatasi ya mwisho. Katika mashine nyingi nilizokagua, chanzo kilikuwa fonti. Waraka umeandikwa kwa Calibri, ambayo haimo katika Linux, na mfumo ukaweka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Ukisakinisha Carlito na Caladea, fonti huria zilizopimwa upana sawasawa na Calibri na Cambria, sehemu kubwa ya mvurugiko inaondoka kwa dakika tano. Sisemi kwamba kila kitu kinakaa sawa. Makro za Excel bado ni mtihani, na ofisi inayoziishi isihame kwa pupa. GIMP nayo ilitutaka subira: kati ya toleo la 2.10 la mwaka 2018 na la 3.0 la mwezi Machi mwaka 2025 ilipita karibu miaka saba, na mwanafunzi wa usanifu aliyehitaji athari za picha zinazoweza kuhaririwa baadaye alisubiri mpaka akamaliza shule. Subira hiyo ina gharama, na wanaoihubiri Linux wangekuwa wakweli zaidi kama wangeitaja. Lakini wakati wote wa kusubiri, aliyekuwa na GIMP ya zamani aliendelea kufanya kazi. Programu tumizi ikichelewa, unapungukiwa uwezo fulani. Draiva ikiachwa, unapoteza mashine.

Jambo hili limekuwa la haraka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa jumla prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, kwa hiyo mashine nyingi nzima zimehesabiwa kuwa zimemaliza muda wake. Nyingine zitakuja kwetu kwa bei ya kuvutia, kwa makontena, kwenda shule, vituo vya afya na ofisi za kata. Anayehusika na manunuzi ya taasisi huuliza RAM, ukubwa wa diski na kizazi cha prosesa. Ningependa aulize na swali la nne: kadi ya grafiki ni ipi, na je, draiva yake imo ndani ya kerneli? Jibu linapatikana kwa kuwasha mashine kwa flashi yenye Linux, kufungua terminali na kuandika lspci -k, amri inayoonyesha kila kifaa na draiva inayokiendesha. Ikisomeka i915 au amdgpu, au radeon kwa zile za zamani, kifaa kiko mikononi mwa watu wengi. Ikiwa ni Nvidia ya kabla ya mwaka 2018, bei inapaswa kushuka, na mashine yenye kadi mbili ichukuliwe tu ikiwa ile ya Intel au AMD inaweza kuendesha skrini peke yake.

Mtaani kwetu kuna duka la steshenari lenye kompyuta ya mezani ya mwaka 2011, prosesa ya Core i3 na grafiki ya ndani ya Intel. Mwenye duka, mama mmoja tunayeheshimiana sana, aliniita miaka mitatu iliyopita Windows yake iliposhindwa kuwaka, nikamwekea Linux, fonti zile mbili na draiva ya printa. Wiki iliyopita nilipita kutoa nakala za vyeti nikamkuta binti yake anachapa barua ya maombi ya kazi ya mteja huku masasisho yakiendelea kushuka pembeni, na katika orodha yake nikaona Mesa mpya, yenye Crocus ndani yake. Alipomaliza barua aliizima mashine, akaiwasha tena, ukurasa ukarudi pale pale, akaendelea na mteja aliyefuata.